Kidole au uso kufungulia kompyuta mpakato? Mimi nasimama na kidole, na sababu zangu ni hizi

Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Karibu kila anayeniletea kompyuta mpya nimuandalie huniuliza swali moja: nitumie kidole au nitumie uso? Huwa najibu haraka huku mikono iko kazini, na jibu la haraka halitoshi. Leo nimekaa niandike ninachokijua, nanyi mnikosoe.

Nianze na msimamo: mimi ni mtu wa kidole. Kasi siyo sababu, maana vyote viwili hufungua kabla hujakaa vizuri kwenye kiti. Sababu yangu ni kwamba kidole hakifungui kitu mpaka ukipeleke. Uso unatembea nao wazi, na kamera haiulizi kama umekusudia.

Jambo hili lilinigusa siku moja nikiwa na mteja ameketi ubavuni mwangu. Mashine yake ilikuwa imejifunga yenyewe, nikagusa kitufe ili nimwonyeshe mahali pa kuandika namba ya siri. Kabla sijasema neno ikafunguka, barua pepe zake zote ziko mbele ya macho yangu, kwa kuwa alikuwa ameinama kutazama skrini kama ambavyo mtu yeyote angefanya. Aliona haya, nami niliona haya. Hakuna ulinzi uliovunjwa pale, mashine ilifanya kazi yake barabara. Lakini yeye hakuwa ameamua kuifungua.

Sasa tuingie ndani kidogo. Kisomaji cha kidole kwenye kompyuta nyingi za siku hizi hakipigi picha kama kamera. Ni uwanja mdogo wa vihisi vinavyopima chaji ya umeme. Tuta la ngozi likigusa, kihisi kinapata thamani moja; penye bonde kati ya matuta mawili pana hewa, thamani inakuwa nyingine. Kutokana na tofauti hizo programu inachora ramani ya matuta, na kinachohifadhiwa ni muhtasari wa ramani hiyo. Zamani ilibidi uburute kidole juu ya ukanda mwembamba. Wenye umri wanaikumbuka ThinkPad T42 ya mwaka 2004. Ukiburuta upesi inakataa, ukiburuta taratibu inakataa. Watu wengi walikichukia kidole enzi zile na hawajakisamehe mpaka leo, ingawa visomaji vya kugusa ni kitu kingine kabisa.

Uso nao una historia yake. Kompyuta za kwanza kufunguka kwa uso zilitumia kamera ileile ya kawaida ya kupigia simu za video. Mwaka 2009, kwenye mkutano wa usalama wa kompyuta uitwao Black Hat, watafiti wa kampuni ya Bkav ya Vietnam walionyesha kwamba mashine za Lenovo, Asus na Toshiba zinafunguliwa kwa picha tu ya mwenye mashine. Picha! Ndiyo maana Microsoft ilipoleta Windows Hello, mfumo wake wa kufungua kompyuta kwa uso au kidole, mwaka 2015 pamoja na Windows 10, kwa uso ilidai kamera ya infraredi. Taa ndogo ambayo mwanga wake karibu hauonekani kwa macho inamulika uso, na kamera inasoma mwanga unaorudi. Ukiiwekea picha iliyo kwenye skrini ya simu haioni uso, kwa sababu skrini haitoi mwanga wa aina hiyo.

Hapa kuna kosa ninaloliona kila siku. Watu husikia kwamba uso ni salama mara 20 kuliko kidole, na kweli Apple husema uwezekano wa mtu mwingine kufungua kwa kidole chake ni 1 kati ya 50,000, na kwa uso 1 kati ya 1,000,000. Lakini namba hiyo ya uso ni ya simu na tableti zake, ambazo humwaga nukta za mwanga zaidi ya 30,000 usoni na kupima kina cha pua, macho na mashavu. Hakuna Mac yenye kifaa hicho. Mac zina kidole tu, tangu MacBook Pro ya 2016. Upande wa Windows, kamera nyingi husoma picha bapa ya infraredi, na kiwango ambacho Microsoft imejiwekea ni chini ya 1 kati ya 100,000. Si kibaya hata kidogo, ila si ile milioni. Ukibeba namba ya simu ukaitua kwenye kompyuta, unajidanganya.

Na pacha wanaofanana je? Nyuso zao zinaweza kuichanganya mashine, Apple wenyewe wanatahadharisha hivyo. Alama za vidole vyao hazilingani, hata kwa pacha wa yai moja.

Karibuni.

Mikono ya Kazi

Mkuu, umeandika vizuri, lakini umeandika kama mtu ambaye vidole vyake viko salama.

Mimi ni mwashi. Saruji imekula ncha za vidole vyangu mpaka zimekuwa laini kama karatasi. Nilinunua mashine kwa ajili ya kuandalia makadirio ya kazi, ina kisomaji pembeni ya kibodi. Kukisajili kidole kulinichukua jioni nzima. Kesho yake kikanikataa. Nikasajili tena, kikanikataa tena. Wengine tunataka kukipeleka hicho kidole, mashine ndiyo haikitaki. Hiyo nia unayoisema, kwetu inaishia mlangoni.

Mleta uzi

Ndugu yangu, umenigusa penyewe, wala sitabishana nawe. Ngozi iliyosuguliwa na saruji, kemikali, sabuni kali au umri mkubwa hupoteza matuta, na kisomaji hakina cha kusoma. Ngozi kavu sana nayo haisomeki vizuri hata kama matuta yapo.

Kabla hujakata tamaa jaribu haya. Usisajili kidole cha shahada wala gumba la mkono unaoshikia mwiko. Sajili kidole cha pete cha mkono mwingine, maana hakisuguliwi sana. Kisajili mara mbili, mara ya pili kama vile ni kidole kipya, na uweke ubavu wa ncha badala ya katikati. Windows inakuruhusu kusajili vidole vyote kumi, nafasi unayo. Mac ni vidole vitatu kwa kila mtumiaji. Pia kisajili kikiwa katika hali utakayokuwa nayo unapotumia mashine. Wengi wanasajili wametoka kunawa, ngozi imelainika, halafu wanashangaa mchana ikikataa.

Ukijaribu yote ikashindikana, chukua yenye kamera ya infraredi. Nitakuwa wa kwanza kukushauri hivyo.

Zamu ya Usiku

Nafanya kazi wodini. Muda mwingi nina glavu na barakoa. Kwa hiyo kwangu vyote viwili vina kasoro, na naona hamjagusa hilo.

Barakoa iliponishinda kwa uso nilidhani mashine yangu ni mbovu. Baadaye nikasoma kwamba taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilipima programu 89 za kutambua nyuso mwaka 2020, zilizotengenezwa kabla ya barakoa kuenea, na makosa yalikuwa kuanzia asilimia 5 hadi 50. Nusu nzima! Nikajua si mashine yangu peke yake.

Ila uso ulikuwa na sifa moja niliyoipenda kuliko zote: ulifanya kazi gizani. Saa nane za usiku, taa zimezimwa wagonjwa walale, naketi tu inafunguka. Sasa hivi gizani haifunguki tena. Kuna anayejua kwa nini?

Mleta uzi

Dada, pole kwa zamu. Kamera yako haijaharibika. Mwaka 2025 Microsoft ilibadilisha utaratibu: mbali na kamera ya infraredi, sasa kamera ya rangi nayo lazima ione uso wako. Walikuwa wanaziba udhaifu wa kughushi uso. Kamera ya rangi inahitaji mwanga wa kawaida, ndiyo maana giza limekuwa tatizo. Sifa kubwa kuliko zote za uso imeondoka, na wenye mashine wengi hawakuambiwa waziwazi. Mimi nililijua baada ya kuletewa mashine yenye malalamiko kama yako, nikapoteza muda mwingi nikifuta na kusakinisha upya programu ya kamera ambayo haikuwa na kosa.

Kwa kazi yako ningechukua kidole, ukivua glavu ukakaa kuandika. Glavu ya mpira humzuia mwashi na daktari sawasawa.

Mwenye Shaka

Mimi sikubali kimojawapo. Nenosiri likiibwa nabadilisha. Kidole kikiibwa nabadilisha nini? Mwaka 2015 ofisi ya utumishi ya serikali ya Marekani iliibiwa alama za vidole za watu milioni 5.6. Wale watu watakufa na vidole vilevile.

Na alama ya kidole unaiacha kila unaposhika. Mwaka 2013 kundi la wadukuzi la Chaos Computer Club la Ujerumani waliifungua iPhone 5s siku chache tu baada ya kutoka, kwa alama iliyopigwa picha kwenye kioo kisha ikatengenezewa ngozi ya bandia. Mwaka uliofuata mtafiti wa kundi hilohilo akaonyesha gumba la Ursula von der Leyen, wakati huo waziri wa ulinzi wa Ujerumani, alilolinakili kutoka kwenye picha za kawaida. Hujagusa kitu, umepungia tu watu mkono.

Na nyongeza kwa mleta uzi: mwaka 2023 watafiti wa usalama wa Blackwing Intelligence waliingia kwa njia ya kidole kwenye mashine tatu za kampuni kubwa. Umeruka hapo.

Mleta uzi

Sikuruka kwa kuficha, nilikuwa nasubiri mtu alilete, kwa sababu ndilo jambo zito kuliko yote kwenye mada hii. Naomba mnivumilie, nitaandika kirefu.

Kwanza ile hofu ya kuibwa. Wizi wa 2015 ulikuwa wa ghala moja lenye alama za mamilioni ya watu. Kompyuta yako haipeleki alama yako kwenye ghala la mtu. Kwenye Mac inalindwa na sehemu maalumu ya chipu inayoitwa Secure Enclave, na hata mfumo wenyewe haupewi, unajibiwa tu "ndiyo" au "siyo". Kwenye Windows Hello nako inabaki ndani ya mashine. Atakayetaka ya kwako itabidi aje kwako, na ya jirani yako aende kwa jirani yako. Hiyo ni tofauti kubwa sana na ghala.

Sasa Blackwing. Mashine zilikuwa Dell Inspiron 15, ThinkPad T14 ya Lenovo na Surface Pro X ya Microsoft, na visomaji vyake vilitengenezwa na kampuni tatu tofauti. Microsoft yenyewe ndiyo iliyowaomba wavijaribu. Hawakutengeneza kidole cha bandia hata kimoja! Chukua ile Dell. Kisomaji kile kina hifadhi mbili, moja kwa ajili ya Windows, nyingine kwa ajili ya Linux, ule mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, na ile ya Linux haina ulinzi. Wakawasha mashine kwa Linux, wakasoma utambulisho wa mwenye mashine, wakasajili kidole chao wenyewe chini ya utambulisho uleule. Kisha wakakaa katikati ya waya, kati ya kompyuta na kisomaji, wakakiambia kisomaji kitumie hifadhi ya Linux. Wakagusa. Kisomaji kikajibu kwa uaminifu kabisa: namjua huyu. Windows ikafungua.

Ya Surface ilisikitisha zaidi, kwa sababu mazungumzo kati ya kisomaji kilicho kwenye kibodi na kompyuta yalikuwa wazi, hayajafichwa kwa namna yoyote. Unachomoa kibodi, unachomeka kifaa kinachojiita kisomaji, nacho kinasema "amekubaliwa". Microsoft ilikuwa imekwishabuni utaratibu wa kulinda mazungumzo hayo, unaitwa SDCP, lakini kwenye mashine mbili kati ya tatu haukuwa umewashwa. Mlinzi ameajiriwa, hajapewa zamu.

Lakini Mwenye Shaka, uso nao ulipita njia hiyohiyo. Mwaka 2021 watafiti wa kampuni ya usalama ya CyberArk walichomeka kifaa cha USB kilichojitambulisha kama kamera, kikatuma picha moja ya infraredi ya mwenye mashine, na pale palipotakiwa picha ya rangi kikatuma picha nyeusi tupu. Windows ikafungua, maana ilikuwa inaiangalia ile ya infraredi peke yake.

Hapo utaona kitu. Kidole hakikughushiwa, na uso haukuwekwa mbele ya lenzi. Kilichosaliti ni waya. Ndiyo sababu nikiulizwa kuhusu usalama huwa sianzi na kidole au uso, naanza kuuliza kisomaji kimeunganishwaje. Kama ni Windows, tafuta mashine iliyoandikwa kwamba ina Enhanced Sign-in Security, maana hapo mazungumzo ya kisomaji au kamera na mfumo yanalindwa. Na visomaji vya bei rahisi vya kuchomeka kwenye USB, mimi simshauri mtu.

Hilo la picha za gumba la waziri ni la kweli. Ila fikiria kazi inayotakiwa: picha nzuri, mikono ya fundi stadi, na bado lazima mashine yenyewe iwe mikononi mwake. Mwizi wa kawaida anaondoka na mashine anaenda kuifuta auze. Wa kumhofia ni mtu aliye karibu, anayejua unapokaa na unaponyanyuka.

Kituo cha Amri

Kwa wanaotumia Linux, kwa ufupi. Kidole kinashughulikiwa na programu ya fprintd, na kama kisomaji chako kiko kwenye orodha ya vinavyokubalika kinafanya kazi vizuri, mpaka kwenye sudo, amri ya kutumia mamlaka ya msimamizi. Kagua orodha kabla ya kununua, si baada. Uso kuna programu ya Howdy, na watengenezaji wake wenyewe wameandika kwamba si salama kama nenosiri, na picha inayofanana nawe inaweza kuipita. Mimi natumia kidole.

Nuru Hafifu

Naomba niulize bila kuzunguka. Je, kamera hizi zinatutambua sisi wenye ngozi nyeusi sawa na wengine?

Mleta uzi

Swali la haki kabisa. Mwaka 2019 NIST walichapisha matokeo ya kupima programu 189, na kwa nyingi kati ya hizo, kosa la kuwachukulia watu wawili kuwa mtu mmoja lilikuwa kubwa mara 10 hadi 100 kwa nyuso za asili ya Afrika na Asia kuliko za Wazungu, kutegemea programu. Tazama ni kosa gani hilo: haliwafungii nje, linawafungulia wengine mlango wenu. Vipimo vile vilifanywa kwa picha za kawaida, si za infraredi, kwa hiyo siwezi kuvihamishia moja kwa moja kwenye Windows Hello. Zilikuwepo pia programu ambazo tofauti hiyo haikuonekana. Lakini matokeo yale yananifanya nitake kuona mashine ikijaribiwa na ndugu wa familia moja kabla sijaiamini. Mwite ndugu yako mnayefanana, akae mbele yake. Ni jaribio la dakika moja.

Mzazi wa Watatu

Mleta uzi, hoja yako ya nia ina tundu. Mwanangu wa miaka tisa alinishika mkono nimelala kwenye kochi, akabandika gumba langu kwenye kisomaji, akaingia kucheza. Uso wangu umelala macho yamefumba, kidole changu hakijui kama nimelala.

Mleta uzi

Nakubali. Kidole kinadai mkono wako uletwe, hakidai akili yako iwe macho. Nilisema kana kwamba ni kitu kimoja, nilikosea.

Hapo kuna tofauti kati ya mifumo ambayo ni vizuri kuijua. Mac ukiizima na kuiwasha inadai nenosiri kwanza kabla haijakubali kidole. Inalidai pia baada ya majaribio matano yaliyoshindwa, au ikikaa saa 48 bila kufunguliwa. Kwa hiyo ukiizima kabla ya kulala, mtoto hana njia. Windows inakubali kidole au uso hata ikiwa ndiyo kwanza imewashwa. Kwenye Windows sajili kidole usichotarajiwa kukitumia. Mtoto atajaribu gumba na shahada kwanza.

Na kwa wanaotumia uso: kuna swichi ndani ya mipangilio ya Windows Hello inayoondoa skrini ya kufunga moja kwa moja mara uso unapotambuliwa. Izime. Mashine itakutambua, lakini itasubiri ubonyeze kitufe ndipo ikuingize. Yule mteja wangu nilimzimia hiyo siku ileile.

Nyongeza kwa wote. Nyuma ya kidole na nyuma ya uso ipo namba ya siri, haiondoki. Kidole kikikataa, mashine inaiomba. Nimeandaa mashine zenye kamera nzuri sana, mwenyewe akaweka namba ya kukisiwa kirahisi. Anayemjua mtu huyo hana haja ya kidole wala uso. Namba ya siri ya Windows inaweza kuwa ndefu na kuchanganya herufi, kuna kisanduku cha kuweka alama hapo unapoibadilisha. Weka alama.

Mikono ya Kazi

Nimerudi na majibu. Kidole cha pete, mkono wa kushoto, mara mbili, ubavu wa ncha. Jana asubuhi kabla ya kwenda kazini kilikubali mara nne katika mara tano. Jioni nimerudi na vumbi la saruji, nimenawa vizuri, kimekataa zote.

Mleta uzi

Mara nne katika tano ni hatua, mwanzoni ilikuwa sifuri. Ngozi yako jioni imekauka kwa saruji. Paka mafuta kidogo, subiri yanyonywe, futa ncha ya kidole kwa kitambaa, kisha kisajili mara ya tatu katika hali hiyohiyo ya jioni. Halafu niambie, mashine yako ina kamera ya aina gani? Tazama juu ya skrini: kama pembeni ya lenzi kuna taa inayopepesa nyekundu hafifu inapoanza kukutafuta, hiyo ni infraredi. Vyote viwili vinaweza kusajiliwa pamoja kwenye mashine moja, asubuhi ukatumia kidole na jioni uso.

Mikono ya Kazi

Nimeitazama sasa hivi. Inapepesa.